Sheria ya Kwenye Karatasi ya Njugu

Haya, ntaisema mwenyewe, maana nshachoka kuisikia midomoni mwa watu na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, juzi nimemsikia mtu pale barazani kwetu Malindi ya Unguja anaapa kwamba nlikimbizwa na askari mpaka kanzu yangu ikabaki mkononi mwake, uongo mtupu, kanzu haikutoka, iliyotoka ni kofia, na hakuna askari aliyenikimbiza, aliyekuwa anakimbia mbele ni muuza njugu na mimi ndiye niliyekuwa nyuma nnamfukuza. Lakini aibu ni aibu, siikatai. Mpaka leo nikipita mbele ya mahakama najifanya naongea na simu, na simu yenyewe mara nyingine imezimwa.

Mimi nna kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi, hatua chache tu kutoka mahakamani. Mtu akiwa na kesi anapita kwangu kwanza, namchapia hati ya kiapo, namchapia barua ya kuomba shauri liahirishwe, namtolea kopi za cheti, anakwenda zake. Miaka kumi na mbili hiyo. Sasa wewe chapa maneno "Mheshimiwa Hakimu" kila siku kwa miaka kumi na mbili halafu uniambie kama hutaanza kujiona nusu yako ni sheria. Barazani wakanipa jina, wakaniita Wakili, na mimi sikulikataa (lingekuwa jina baya ningelikataa siku ile ile). Wanasema ukikaa karibu na waridi utanukia, basi mimi nkaona nshanukia kabisa, kumbe harufu yenyewe ya wino wa mashine.

Kesi ilikuwa ya mama mkwe wangu, Bi. Mtumwa, mama yake mke wangu Zuwena, anakaa Bububu. Msishtuke, hakuua mtu. Jirani yake Bi. Salma ana jogoo, na jogoo huyo hana adabu, siku moja akaingia jikoni kwa mama mkwe akapanda juu ya ungo wa mchele, mama mkwe akamrushia mwiko, jogoo akainama, na Bi. Salma ndiyo kwanza alikuwa anachungulia mlangoni kumtafuta jogoo wake. Mwiko ukamkaa barabara kwenye paji la uso. Damu, makelele, hasira, mpaka kituo cha polisi, na mama mkwe akashitakiwa kwa shambulio. Mdhamini nikawa mimi, nkatia saini kwamba atafika mahakamani kila atakapoitwa.

Haikupita wiki mbili wale mabibi wakapatana, wakawa wanapelekeana mikate ya kumimina kama zamani, lakini kesi ya jinai ikishafunguliwa huwezi kwenda kuichukua ukarudi nayo nyumbani. Hakimu akasema: njooni Alhamisi saa tatu asubuhi nyote wawili, msimame mbele yangu mseme mmesameheana, naifuta. Dakika tano tu. Na Jumapili ya wiki ile ile mama mkwe alikuwa anasafiri kwenda Umra na kundi la wanawake wenzake, safari aliyoiota tangu Zuwena hajazaliwa. Asipofika Alhamisi hakimu atatoa hati ya kumkamata, na mtu mwenye hati ya kukamatwa hapandi ndege, anapanda gari ya polisi. Hilo nlilijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana hati za namna hiyo nshazitolea kopi kwa mikono yangu hii.

Sasa Jumanne nlikwenda Bububu kumsalimia. Nkampa shikamoo yake, akaitika marahaba, akanimiminia chai, halafu akaanza kulia taratibu kwenye ncha ya kanga. "Mwanangu," akasema, "mie mtu mzima na mvi zangu, ntasimama tena mule kwenye kizimba kama mwizi wa kuku, watu wananitolea macho, na Jumapili nnakwenda kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu? Weye si mtu wa sheria? Hakuna njia nisisimame mule?"

Njia haikuwepo. Na mimi nlijua haikuwepo. Lakini nyie mna wakwe, mnajua, mama mkwe akikuomba maji na maji hakuna, humwambii hakuna, unatafuta jembe unachimba kisima. Nkamwambia, "Ipo mama. Niachie mimi." Akanipigia dua ndefu sana, na kila alipoongeza dua mimi nkawa nazidi kutokwa na jasho.

Jioni ile nkakaa barazani na kikombe cha kahawa na kichwa kimejaa mawazo. Ame akapita na kapu lake (Ame ni mtu wa Mkokotoni, anauza njugu za kukaanga mjini miaka mingi, mtu mzima mwenzangu na rafiki yangu), nkachukua kifungu kimoja. Ame hufungia njugu zake kwenye karatasi yoyote anayoipata, akaisokota ikawa kama pembe, na safari hiyo alikuwa amepewa mzigo wa makaratasi ya kizamani na watu waliokuwa wanasafisha jumba bovu kule Shangani. Nkamimina njugu mkononi, nkaikunjua karatasi bila ya sababu, mazoea tu ya mtu anayeishi kwa makaratasi. Nkaona Kiingereza cha zamani, na juu yake nembo ya serikali ya wakati wa Mwingereza.

Jamani, nywele zilinisimama. Ilikuwa sheria! Sheria ya kurekebisha mwenendo wa mashauri ya jinai, na ilikuwa inasema kwamba mahakama zote za jinai katika Unguja zitasimamisha mashauri wakati wa msimu wa karafuu, na kwamba mshitakiwa yeyote ambaye ana mikarafuu au anachuma karafuu hatalazimika kufika mahakamani mpaka mavuno yaishe, isipokuwa kwamba. Hapo karatasi imekatika.

Sasa msimu ulikuwa msimu wa nini? Wa karafuu! Barabara nzima ya Bububu mikeka imeanikwa karafuu. Na mama mkwe wangu ana nini kule Dole? Mikarafuu! Mitatu, na mmoja umezeeka, lakini mitatu ni mitatu. Nliona kabisa dua zake zimejibiwa, na zimejibiwa kwa njia ya njugu. Yale maneno "isipokuwa kwamba" nliyaona, sisemi kuwa sikuyaona, lakini nliyapita haraka kama unavyompita mtu usiyetaka akusalimie.

Hapa ndipo nlipokosea, na kosa lenyewe dogo. Kila siku mawakili wa kweli, waliosoma, wanapita mbele ya kibanda changu, wengine wananiachia kazi za kuchapa. Ningemuuliza mmoja tu, "Samahani, hii sheria bado ipo?" angenijibu hata bila ya kusimama. Lakini ningemuulizaje na mimi ndiye Wakili? Nkaona nitajishusha. Nkaenda kibandani, nkaipangusa mafuta ile karatasi, nkaitia plastiki kwa mashine yangu ili isiharibike, ikatoka ngumu na inang'aa, na ndani yake ganda moja la njugu limebanwa pembeni, jekundu, haliondoki tena.

Nkampigia mama mkwe. Nkamwambia Alhamisi asiende mahakamani, aende Dole shambani akachume karafuu, ili wakimuulizia wamkute mtini.

"Mtini? Mwanangu, mie nna miaka sitini na nane."

"Basi chini ya mti mama, uchambue tu zilizokwishachumwa."

Akauliza, "Una hakika?"

"Mama," nkamwambia, "sheria iko kwenye plastiki."

Zuwena alikuwa anasikia. Akaniuliza, "Weye, kama sheria hiyo ina maana, mbona Ame anafungia njugu?" Nkamwambia yeye hajui mambo ya nyaraka. Akaniangalia vile anavyoniangalia nikisema nitatengeneza bomba mwenyewe, akaenda zake jikoni.

Kama ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini Jumatano wateja wakaja kibandani, na mimi nna kitu kama kile mkononi, nitanyamazaje? Nkawasomea. Nkawatafsiria. Watu watatu wenye kesi zao za siku ya pili wakaomba kopi, nkawatolea, nkawagongea na muhuri wa kibanda ili zipendeze.

Alhamisi nkavaa kanzu, nkavaa juu yake koti langu la harusi (linanibana, lakini likifungwa kifungo kimoja cha juu linakubali), kofia, miwani, nkaingia mahakamani na plastiki yangu kwapani. Nlikuwa nimemtayarishia hotuba hakimu mzee, mtu wa ndevu nyeupe, maana hakimu wa mwanzo alikuwa hivyo. Aliyekuwepo siku hiyo alikuwa hakimu mwengine, mwanamke, mdogo hata kwa mke wangu, ana sauti ya chini kabisa, ile sauti ya mtu asiyehitaji kupayuka. Karani akaita jina la Bi. Mtumwa. Bi. Salma akasimama, yule jirani, amejifunga buibui lake zuri, amekuja kusamehe. Nikasimama na mimi.

"Mheshimiwa," nkasema, "mimi ni mdhamini. Mshitakiwa hakufika kwa mujibu wa sheria. Yuko kwenye mavuno."

"Yuko wapi?"

"Kwenye mavuno, Mheshimiwa. Ya karafuu."

Nkampa karani plastiki, karani akampa hakimu, hakimu akaishika kwa vidole viwili. Kabla hajasema neno, nyuma yangu nkasikia viti vinalia, wale wateja wangu watatu wamesimama, kila mmoja ameinua kopi yake juu. "Na sisi pia Mheshimiwa! Msimu wa karafuu!" Nliomba ardhi ipasuke. Hakimu akawatazama mmoja mmoja, akamwonyesha kidole yule wa mbele, dereva aliyegonga ukuta wa nyumba ya watu.

"Wewe una mikarafuu?"

"Ninao, Mheshimiwa. Mmoja. Uko kwenye ndoo."

"Umeshazaa?"

"Bado, una majani matano."

Watu wakaanza kuziba midomo kwa mikono. Hakimu hakucheka. Aliisoma karatasi yangu mpaka mwisho, akaigeuza, akairudia, halafu akasema, "Hapa inaishia 'isipokuwa kwamba'. Isipokuwa kwamba nini?"

Nkairekebisha miwani yangu.

"Na hii nyekundu pembeni?"

"Ganda la njugu, Mheshimiwa."

Akaweka plastiki mezani. Akasema ananipa mpaka saa sita nimlete mshitakiwa, la sivyo anatoa hati ya kumkamata. Halafu akaongeza, na wallahi nnajua sasa kwamba alikuwa ananitania, "Au ukitaka, niletee hiyo isipokuwa." Ukumbi mzima ukacheka. Mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba nimepewa chaguo.

Ilikuwa saa nne na robo. Nje Bi. Salma akanishika mkono wa koti. "Baba Zuwena," (ndivyo anavyoniita, anamchanganya mke wangu na mwanangu, nshachoka kumrekebisha) "gari ya mwanangu ipo hapa, twende Dole tukamchukue Bi. Mtumwa, nusu saa tu." Gari ilikuwepo. Dereva yupo ndani, injini inanguruma. Na mimi, na akili zangu timamu, nkamjibu, "Hapana, Bi. Salma. Hili sasa ni suala la sheria." Maana nkimleta mama mkwe ataingia kizimbani mbele ya watu na mie nlimwahidi hataingia, lakini nkiileta nusu ya pili ya karatasi, ambayo lazima iko kapuni kwa Ame, hakimu mwenyewe ataona. Hivyo ndivyo nlivyofikiri, na nlifikiri nikiwa nimesimama juani bila ya kivuli, huenda ilikuwa sababu.

Nkamtafuta Ame Darajani, hayupo. Wakanambia leo kuna michezo ya skuli uwanjani Amani, Ame kafuata watu. Nkapanda bodaboda, nkafika, uwanja umejaa watoto wa skuli na wazazi na walimu, na karibu kila mtu ana kifungu cha njugu mkononi. Sheria yangu ilikuwa imegawanywa jukwaa zima!

Nkaanzia safu ya chini. "Samahani dada, naomba niangalie karatasi yako." "Samahani mzee, hiyo karatasi, nitakushikia njugu." Naikunjua, naisoma, nairudisha, nakwenda kwa mwengine. Nlikuta tangazo la leseni za mbwa. Nlikuta bei za nazi kavu. Sasa nyie nifikirieni, mtu mwenye koti na miwani anakagua njugu za watu na uso umekunjamana. Ame akanitazama kutoka upande wa pili, mchana wa jua kali, hakuona Wakili, aliona bwana afya, wale wanaokamata wauza vyakula vichafu. Akabeba kapu akatoka mbio.

"Ame!" nkapiga ukelele. Ndiyo kwanza akazidi. Nkaruka kamba, nkamfuata, na Ame badala ya kukata kona kuelekea mlangoni akaingia kwenye njia ya wakimbiaji, na mie nyuma yake, kanzu nimeikunja mkononi, kofia ikaruka, miwani ikaruka, nkasikia kitu kinavunjika chini ya kiatu changu mwenyewe. Jukwaa likaamka. Watoto wanashangilia, wengine wanampigia makofi Ame, wengine mimi. Na yule bwana wa kipaza sauti, Mungu amsamehe, akatangaza uwanja mzima usikie: "Mzazi mwenye kanzu, tunaomba uwe na subira, mbio za wazazi bado!"

Nlimkamata kwenye kona ya mwisho, si kwa mbio zangu, ni kwa sababu kapu lilimkwaza. Akageuka anahema. "Ah! Wakili! Kumbe ni weye? Yakhe, mie nlidhani afya!" Nkamweleza kwa kukatakata. Tukakaa chini pale pale kwenye njia ya wakimbiaji, tukafungua kapu, kila karatasi tunaikunjua kutafuta ile nusu iliyochanika, na njugu zake namimina kwenye mifuko ya koti maana hapana pengine pa kuzitia. Haikuwemo. Tukarudi jukwaani, safu kwa safu, Ame upande wake na mie upande wangu, tunaulizia karatasi ya karafuu, mpaka mwalimu mmoja wa kike akainua mkono kama yuko darasani. "Ni hii? Hii inahusu karafuu." Nkaitambua kwa pale ilipochanika. Mwalimu akasema, "Lakini umeisoma hapa inaposema..." Nkaivuta, nkamwambia ahsante sana, nkakimbilia bodaboda. Ningemwachia amalize sentensi yake, sentensi moja tu ya mwalimu! Na mie mwenyewe bila ya miwani nlikuwa naona mistari myeusi na mafuta.

Nkaingia mahakamani saa sita kasoro dakika tatu, kichwa wazi, koti limevimba mifuko yote, jasho mpaka kwenye nyusi. Nkampa karani karatasi kwa fahari. Hakimu akamwambia aisome kwa sauti. Karani akasoma Kiingereza chake polepole, akafika mahali akasita, akanitazama, akaendelea kwa sauti ya chini kidogo, na hakimu akawatafsiria watu: isipokuwa kwamba mdhamini yeyote atakayemzuia mshitakiwa asifike mahakamani kwa kisingizio cha mavuno, atawekwa yeye mdhamini chini ya ulinzi mpaka mshitakiwa apatikane.

Kikasikika kicheko kimoja kutoka nyuma, cha yule wa mkarafuu wa ndoo.

"Sheria hii imekufa zamani," hakimu akasema, "hata walioitunga washakufa. Lakini tuliyonayo leo kuhusu wadhamini haitofautiani nayo sana. Mdhamini aingie kizimbani."

Nkaingia. Kifungo cha koti kikakatika kwa kuinua mguu, na njugu zikaanza kushuka, moja, mbili, halafu mfuko mzima, zinaruka kwenye mbao, zinabingirika mpaka kwenye miguu ya mwendesha mashitaka. Askari akaambiwa anipekue. Akatoa konzi ya njugu akaweka juu ya meza ya karani, akatoa konzi nyengine, akatoa tena, lundo linapanda, na hakimu kila akidhani zimekwisha anasema kwa sauti ile ile ya chini, "Endelea."

Lakini nisiwadanganye, mie nlikuwa sicheki. Hati ilikuwa mezani kwake, jina la Bi. Mtumwa lishaandikwa, na alikuwa anaikamata kalamu. Nkamwona mama mkwe uwanja wa ndege Jumapili, wenzake wote wanapita na mikoba yao, yeye anavutwa pembeni, na pasipoti yake mkononi mwa askari, na sababu ni mimi. Alinifanyia nini yule mama zaidi ya kunipigia dua? Machozi yakanitoka, mbele ya watu, mtu mzima. Nkasema, "Mheshimiwa, nifunge mimi, usimwandikie mama." Hakimu akanitazama.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Bi. Salma anatweta, amemshika mkono mama mkwe wangu. Kumbe nliposema suala la sheria yeye alinisikiliza kwa adabu, akangoja nipotee, akapanda gari akaenda Dole bila ya mimi, akamtafuta shamba zima. Mlalamikaji ndiye aliyekwenda kumleta mshitakiwa! Mama mkwe ana makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwenye kanga, vidole vyeusi kwa utomvu, ukumbi mzima ukanukia. Akaangaza macho, akaniona nilipo.

"Ala! Mkwe wangu kafanya nini?"

"Yuko hapo kwa niaba yako, mama," hakimu akasema.

Akatazama kizimba, akatazama kichwa changu wazi, akatazama lundo la njugu. Akajaribu kujizuia, nliona anajaribu, akauma kanga, mabega yakaanza kutikisika, halafu akaangua kicheko cha mashambani kabisa, Bi. Salma akamfuata, karani akamfuata, askari akageukia ukutani, na hakimu akavua miwani akaifuta muda mrefu sana kuliko kawaida ya miwani.

Mambo yalikwisha kwa dakika tano, kama ilivyosemwa tangu mwanzo. Bi. Salma akasema amesamehe, mama mkwe akasema ameomba msamaha na kwa jogoo pia, kesi ikafutwa, hati ikachanwa. Wale wateja wangu watatu wakapangiwa siku nyengine, na mpaka leo kopi zao wanatoa kwa mtu mwengine. Na kwa kuwa kizimba kilikuwa kimejaa mtu, mama mkwe alisimama pembeni yake, nje. Kwa hiyo ahadi yangu nliitimiza, hakusimama mule. Nlimwambia hivyo Zuwena usiku, akanambia nisiliseme tena hilo jambo mbele yake.

Jumamosi nlijificha kibandani. Kwetu mtu anayekwenda Makka huzunguka kwa jamaa na majirani kutaka radhi, asiondoke na haki ya mtu, na mie nlijua atapita, na sikuwa na uso wa kumtazamia. Akanifuata huko huko. Akakaa kwenye kiti cha wateja, buibui jipya, mkoba mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kutaka radhi. Nlikucheka mbele ya watu, na wewe umesimama pale kwa ajili yangu. Na wenzangu wa safari nshawasimulia wote. Na mbio nimewaigizia, na sikuziona."

"Nimekusamehe mama, duniani na akhera." Nkainuka kitini. "Na mie mama, naomba unisamehe. Nlikaribia kukuharibia safari yako. Nlikuwa sijui, na nkakwambia najua."

Akaliweka sawa buibui lake, akasimama.

"Lako nimeliahirisha," akasema.

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nikirudi. Jumatatu ya wiki mbili zijazo, saa tatu asubuhi, Bububu kwangu. Na ufike mwenyewe, usiniletee karatasi."

Akenda zake Umra, akaruka salama. Katika zile wiki mbili watu walikuja na maswali yao ya sheria, na mimi kila mmoja nlimwambia sijui, muulize wakili aliyesoma, yule pale anapita. Mara ya kwanza ilinikwama kooni, baadaye ikawa inatoka vizuri tu, na ndivyo nnavyojibu mpaka leo na ndivyo ntakavyojibu mpaka nife. Na ile Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, watu bado wanafagia nyua zao, mie nshafika Bububu, nimekaa mlangoni kwa mama mkwe, mikono juu ya magoti, nangoja kuitwa jina.